Karatasi ya Tano

Hafidha alikuwa ameshasimama mara nne na kukaa mara nne, na hotuba ilikuwa bado haijaanza. Alikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango wa jikoni, mahali alipozoea kukaa kila Mheshimiwa Gadiel Lengai alipohutubia, kwa sababu kutoka pale aliviona visogo vya watu. Uso wa mtu unaweza kukutazama huku akili yake imeshafika sokoni Kilombero. Kisogo kikisikiliza hutulia. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimwandikia Mheshimiwa hotuba zake, na kwa miaka hiyo yote alizipima kwa visogo, siyo kwa makofi.

Leo havikutulia. Viligeuka kulia, vikageuka kushoto, vikainamia simu, vikanyooka kuchungulia dirishani kama kuna gari linaingia.

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, pale Moshono, na mapambo ya harusi ya Jumamosi yalikuwa hayajaondolewa. Mheshimiwa angewaaga wananchi wake mbele ya mapazia ya zambarau na maua ya plastiki. Zamani jambo kama hilo lingemtoa mtu jasho. Asubuhi Hafidha alipolilalamikia, msimamizi wa ukumbi alimwangalia tu, akasema, "Dada, si ni shughuli ya saa mbili tu?"

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu kura za maoni ndani ya chama. Lengai, mbunge wa miaka ishirini, alitoka wa tatu kati ya watano. Wa kwanza alikuwa Allen, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mwenye miaka thelathini na minane na kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Siku ile matokeo yalipotoka hakuna kilichobadilika. Mabadiliko yalikuja baadaye, kidogo kidogo. Afisa mmoja aliyekuwa akipokea simu ya Mheshimiwa kabla haijaita mara ya pili sasa aliirudisha baada ya siku nne. Mlinzi kwenye geti la ofisi fulani alimwuliza, "Una miadi na nani, mzee?" Mzee! Na wiki iliyopita Gidion, dereva wake wa miaka tisa, aliingia ofisini akikuna kichwa, akasema Allen amemwomba amwendeshe kwenye kampeni kuanzia Jumatatu, na je, Mheshimiwa atachukia? Mheshimiwa alisema hatachukia. Akaingia chumbani kwake na hakutoka mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Lakini siyo hayo yaliyomnyima Hafidha utulivu. Ilikuwa karatasi ya tano.

Hotuba ilikuwa na karatasi saba. Sita zilijaa shukrani, barabara, madarasa na majina ya waliotangulia mbele ya haki. Ya tano ilikuwa na aya moja tu, katikati, maandishi makubwa. Mheshimiwa aliikata kwenye rasimu ya kwanza kwa kalamu nyekundu. Hafidha akairudisha. Mheshimiwa akaikata tena, na pembeni akaandika, "Hapana." Hafidha akairudisha tena. Rasimu ya tatu ilirudi haina alama yoyote, na Hafidha hakujua kama bosi wake amekubali au amechoka kusoma. Asubuhi hii alipomkabidhi folda na kusema, "Shikamoo, Mheshimiwa," alijibiwa "Marahaba, mama," na folda ikaenda kwapani bila kufunguliwa.

Aya yenyewe ilihusu Lesinoni, mtaa ulioko kule chini, upande wa Terrat, ingawa ni mtaa kwa jina tu: boma hapa, boma kule, vumbi katikati na punda wenye madumu. Miaka sita iliyopita Lengai alipeleka kisima kirefu huko. Siku tatu kabla ya kukifungua, matokeo ya maabara yalifika ofisini. Maji yalikuwa na madini ya floraidi mara nyingi zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Hafidha ndiye aliyeifungua bahasha. Ndiye pia aliyekuwa ameshaandika kwenye hotuba ya uzinduzi maneno "maji safi na salama." Alimpelekea Mheshimiwa karatasi ile. Mheshimiwa aliisoma kwa muda mrefu.

"Wageni wameshaalikwa," alisema. "Tutafungua, halafu tutaweka mtambo wa kuchuja. Acha hotuba ilivyo."

Hafidha aliiacha ilivyo. Utepe ulikatwa, akina mama wakaimba, maji yakatoka. Mtambo haukuja mwaka ule, wala uliofuata, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza.

Halafu, miaka miwili iliyopita, mwanamke aitwaye Maria alifika ofisini kutoka Lesinoni akiwa amembeba mgongoni mtoto wa miaka saba. Mtoto wa miaka saba habebwi mgongoni. Maria alipomteremsha, Hafidha aliona miguu: imepinda kuanzia magotini kwenda nje, kama mtu aliyekaa juu ya pipa. Mheshimiwa alikuwa Dodoma; alisimuliwa tu aliporudi. Maria aliuliza kama inawezekana ni maji, maana majirani wawili nao wana watoto wa hivyo hivyo, na meno ya wote ni ya kahawia. Hafidha alimpa chai. Akamwambia wataalamu wanalifuatilia. Na kwa sababu mwanamke yule aliendelea kumtazama akisubiri kitu cha kushika, akaongeza, "Kwa sasa uwe unayachemsha, mama."

Baadaye alisoma kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, madini yanabaki palepale, kwa hiyo kinachobaki sufuriani ni kikali zaidi. Tangu siku hiyo hakuwahi kupita kwenye jiko linalotokota bila kumwona Maria akipuliza kuni.

MC alishika kipaza sauti, akatania kidogo, akamkaribisha "mzee wetu." Watu walipiga makofi, na baadhi walisimama. Hafidha alihesabu waliosimama, kisha akajilazimisha kuacha kuhesabu.

Lengai alikuwa na miaka sitini na saba, mrefu, suti ya kijivu iliyokuwa imeanza kumpwaya mabegani. Alifungua folda, akavaa miwani, akaanza. Sauti bado ilikuwa nzuri, nene, yenye mapumziko mahali panapostahili. Alimshukuru Mungu na mke wake. Alieleza alivyoingia bungeni mara ya kwanza akiwa na viatu vya kuazima, na watu wakacheka pale walipotakiwa kucheka. Karatasi ya pili, barabara. Ya tatu, madarasa. Kwenye ya nne sauti yake ilikwaruza kidogo alipowataja wazee waliokufa, na kwa dakika mbili visogo vilitulia kweli. Hafidha alihisi ile furaha ya zamani ikipanda kifuani, furaha ya kazi iliyofanyika vizuri, akaionea aibu.

Mheshimiwa aligeuza karatasi.

Alinyanyua macho, akatazama dirishani upande wa maegesho. Akanywa maji. Akainama tena, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayesoma peke yake.

"Ndugu zangu wa Lesinoni. Maji niliyowafungulia miaka sita iliyopita..."

Mlango mkubwa ulifunguliwa na Allen akaingia.

Hakuja peke yake. Kulikuwa na akina mama wa kikundi chake waliovaa sare ya kitenge, na hawakusubiri kuambiwa: vigelegele vilipasuka kuanzia mlangoni mpaka meza kuu. Watu walisimama, wote, hata wale ambao hawakusimama mwanzo. Simu zilinyanyuliwa juu. Allen aliweka kidole mdomoni akiomba watu watulie, lakini kwa tabasamu linalowaomba waendelee. Na kule mbele, nyuma ya maua ya plastiki, midomo ya Lengai ilikuwa inasogea. Hafidha aliyajua maneno yale kwa moyo, akayafuata mdomoni mwa Lengai moja baada ya jingine. *Nilijua kabla ya kukata utepe. Watoto wenu wanaumia mifupa. Msiyanywe, msiyapikie. Naomba radhi.* Hata neno moja halikuvuka meza ya kwanza.

Ukumbi ulipotulia, Lengai alikuwa kwenye karatasi ya sita, akimtakia kila la heri mgombea wa chama. Makofi ya mwisho yalikuwa makubwa.

Baada ya hapo ikawa ni sahani. Kulikuwa na pilau na loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na foleni mbili, na kila mtu kwenye foleni alikuwa na hukumu yake. Wazee watatu wenye fimbo walikubaliana kwamba mzee amesema vizuri ila hakuwataja wafugaji. Mwanamke mmoja alisema amemwonea huruma. Kijana mmoja alisema ilikuwa ndefu. Mwandishi wa redio, Elisaria, kijana mpole aliyemfahamu tangu enzi Hafidha alipokuwa chumba cha habari, alimsogezea kinasa sauti.

"Dada Hafidha, wewe ni mtaalamu. Hotuba ya kuaga ya Mheshimiwa utaipa ngapi kwa kumi?"

"Umesikia alichosema kuhusu Lesinoni?"

"Lesinoni?" Elisaria alikunja uso. "Alitaja Lesinoni?" Akarudisha sauti nyuma, akaweka kifaa sikioni, akasikiliza, kisha akampa. Hafidha alisikia vigelegele, vigelegele tu, na kwa mbali chini yake kitu kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

Kabla hajasema neno, mkono mzito ulimgusa bega. Alikuwa Allen. "Dada Hafidha, ile kalamu nasikia ni yako. Jumatatu njoo tuongee." Akapita, akaendelea kusalimia.

Hafidha aliacha sahani yake mezani, akatoka nje. Alizunguka gari mara mbili. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni na upepo ulikuwa unarusha vikombe vya karatasi uwanjani. Lengai alipotoka, hakuna aliyemsindikiza zaidi ya MC, naye aliishia kwenye ngazi. Gidion alifungua mlango. Hafidha akaingia mbele kama kawaida.

Hawakuwa wamefika hata barabara kuu Mheshimiwa alipouliza kama alivyouliza kila mara kwa miaka kumi na miwili, "Haya, mama. Ilikuwaje?"

Kwa kawaida Hafidha alikuwa na jibu. Alimweleza wapi alikimbia na wapi alipatia, naye Lengai alisikiliza kwa makini kama mwanafunzi. Hilo ndilo lililomfanya Hafidha abaki hata alipopata kazi nzuri zaidi.

"Karatasi ya nne ilikuwa nzuri sana," alisema.

"Na ya tano?"

"Ya tano haikusikika, Mheshimiwa."

"Niliisoma."

"Uliisoma. Hakuna aliyeisikia."

Lengai alivua miwani, akaipangusa. "Angalau nimesema. Imetoka kifuani."

Hafidha aligeuka kwenye kiti. Alijua anataka kusema nini na alijua halisemwi. "Uliliona gari la Allen likiegeshwa," alisema. "Ulitazama dirishani, ukanywa maji, ukasubiri. Ndipo ukaanza kusoma."

Gidion alipunguza mwendo bila sababu. Hakuna aliyewahi kumwambia Lengai kitu cha namna ile, si ndani ya gari, si popote. Hafidha alisubiri afokewe. Mwezi mmoja uliopita angefokewa na kushushwa kando ya barabara. Alimwona, uso mkubwa umegeukia dirishani, taya likitafuna kitu kisichokuwepo.

"Sikupanga," alisema hatimaye. "Lakini nilipoliona gari nilishukuru." Akavaa miwani tena. "Maria yule, na mtoto. Walikuwepo ukumbini?"

"Hapana. Wangefikaje?"

"Gidion. Pita barabara ya mchepuo. Twende Terrat."

"Bosi, saa kumi natakiwa..." Gidion alianza, kisha akauona uso wa Lengai kwenye kioo. "Sawa, bosi."

Walifika Lesinoni jua likiwa bado kali. Kwenye kilula, kituo cha kuchotea maji ya kisima kile, palikuwa na foleni ya madumu ya njano na punda wanne wamelala mavumbini. Watoto walikimbilia gari, wakainamisha vichwa kusalimia, na Lengai akaweka kiganja juu ya kila kichwa. Kwenye jambo hilo hakuna kilichokuwa kimepungua. "Takwenya," aliwasalimu akina mama kwa Kimaa, nao wakaitikia, "Iko." Hafidha alimwona Maria kabla Maria hajamwona yeye. Mtoto alikuwa amekaa juu ya dumu tupu, miguu imepanuka, amekua kidogo.

Mwenyekiti wa mtaa, Yiamat, alifika akifunga vifungo vya shati. Alimpa Lengai mkono, lakini hakuuliza kama atapenda kiti.

Lengai aliongea akiwa amesimama karibu na bomba. Hakuwa na karatasi. Alisema kwa Kiswahili, moja kwa moja, kwamba maji yale siyo mazuri, kwamba yana madini yanayoharibu meno na mifupa ya watoto, kwamba alijua, na kwamba leo anawaomba wafunge kilula kwa matumizi ya kunywa. Hafidha alitazama visogo. Vilitulia vyote, hata cha punda. Kwa dakika moja aliamini mambo yamekwisha.

Yiamat ndiye aliyecheka kwanza. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyegundua ujanja.

"Mzee," alisema, "sisi huku tulimpigia Allen. Hilo tunajua na wewe unajua. Sasa jana umeshindwa, leo unakuja kutufungia maji?"

"Sikuja kwa ajili ya kura, Yiamat."

"Miaka sita maji ni mazuri. Ulikuwa unakuja hapa, unakunywa mbele yetu, tunapiga picha. Umetoka tu madarakani, maji yameharibika?" Watu walianza kunung'unika, na mnung'uniko ulikuwa upande wa Yiamat. "Kama ni kweli, aje mwenye mhuri. Wewe huna mhuri tena, mzee. Samahani kukuambia hivyo."

Kwa miaka ishirini, mahali kama pale, Lengai angenyanyua simu na mtu wa idara angefika kabla ya chai kupoa. Mkono wake hata uliingia mfukoni. Ukatoka mtupu.

"Ni kweli," Hafidha alisema.

Hakuwa amewahi kuongea kwenye mkutano wa Lengai hata mara moja. Sauti yake ilitoka nyembamba, ikabidi arudie. Alifungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala aliyobaki nayo tangu siku ya bahasha bila kujua anaiweka kwa ajili gani. Tarehe ilikuwa juu, ya siku tatu kabla ya uzinduzi. "Ni mimi niliyeifungua hii. Na ni mimi niliyeandika kwamba maji ni salama. Nilikuwa nimeshaisoma nilipoacha maneno yale yabaki."

Yiamat aliichukua, akaiangalia juu chini, akaitafuta sehemu ya mhuri. Lakini Maria alikuwa ameshasogea. Aliitwaa mkononi mwa mwenyekiti bila kuomba, akasoma tarehe, akahesabu kitu kwa midomo. Kisha akanyanyua uso.

"Nilipokuja ofisini kwako," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nichemshe."

"Ndiyo."

"Inasaidia?"

Hafidha alitamani sana mtu mwingine ajibu. "Haisaidii. Inazidisha."

Maria alimtazama kama alivyomtazama siku ile ya chai. Mbele ya watu wote alimpiga kofi moja, si kali sana, la mtu ambaye mkono umemtangulia. Akina mama waliguna. Maria mwenyewe alionekana kushtuka. Akaikunja karatasi, akaiingiza ndani ya nguo kifuani, akamnyanyua mtoto na dumu lake tupu, akaondoka bila kuteka maji.

Njiani kurudi Gidion aliwasha redio, akaizima.

Jumatatu Hafidha alikwenda kwa Allen, ila siyo kwa ajili ya kazi. Alimweleza yote, na Allen alisikiliza vizuri, alikuwa msikilizaji mzuri kuliko alivyotegemea. "Hili ni kubwa," alisema. "Tutalishughulikia baada ya uchaguzi. Likisikika sasa, watasema ni kosa la chama." Halafu akamwomba aandike hotuba ya ufunguzi wa kampeni, na ikiwezekana aweke sentensi mbili kuhusu mafanikio ya maji. Hafidha aliomba ruhusa ya kutoka. Wiki ile alizunguka ofisi tatu na barua ya kuomba maji ya Lesinoni yapimwe upya. Akiwa kwenye madawati ya kusubiria alijifunza jinsi Lengai alivyokuwa akijisikia: mtu anakuangalia, anaangalia nyuma yako kama kuna mwingine unayemwakilisha, halafu anakuambia uache namba.

Aliyesogeza mambo alikuwa Maria. Alipiga picha karatasi ile, akaisambaza kwenye kundi la simu la akina mama wa usharika, na kutoka pale ikaenda kusikozuilika. Wanawake saba waliacha kunywa maji ya kilula wiki hiyo hiyo, wakawa wanatuma punda mpaka kwenye chemchemi ya mbali, kisha wakawa kumi na tisa. Waume walilalamika. Yiamat alilalamika. Mwisho, kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi, Yiamat akaitisha mkutano wa mtaa.

Ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye jengo la kanisa lililokuwa bado halina mlango. Hafidha alikuja kwa sababu Maria alimpigia simu, akamwambia kwa kifupi, "Uje na tarehe zote. Usikae na mimi." Kwa hiyo alikaa upande wa pili, kwenye tofali.

Ajenda ya kwanza ilikuwa ng'ombe walioingia shambani kwa mtu. Ilichukua muda mrefu na wanaume wawili karibu washikane. Katikati ya ugomvi huo bodaboda ilisimama nje, na Lengai akashuka, suti ile ile ya kijivu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alijipangusa, akaingia. Wachache waligeuka. Hakuna aliyesimama. Alitafuta mahali, akaona nafasi nyuma kati ya wazee, akasalimia "Sopai," akajibiwa "Epa," akakaa.

Ilipofika ajenda ya maji alinyoosha mkono.

"Wako wanne mbele yako, mzee," Yiamat alisema.

"Nitasubiri."

Alisubiri. Hafidha alimwona akisubiri, mikono juu ya magoti, akiwasikiliza watu wanne, wa tatu kati yao akimtukana karibu waziwazi. Zamani Hafidha angekuwa ameshaandika karatasi ndogo ya majibu na kumpenyezea. Vidole vilimwasha. Aliviweka chini ya mapaja.

"Mzee Lengai. Dakika mbili."

Lengai alisimama, na akaongea kwa Kimaa. Hafidha hakujua Kimaa zaidi ya salamu. Miaka yote ile hajawahi kumsikia akihutubia kwa lugha ile, kwa sababu hotuba zote zilipita kwenye kalamu yake, na kalamu yake ilikuwa ya Kiswahili. Sauti haikuwa ile nene ya ukumbini. Ilikuwa ya kukwama, yenye kurudi nyuma, na mahali pamoja ilikatika kabisa mpaka mzee jirani yake akamshika kiwiko. Hafidha alitafuta mapumziko, alitafuta mahali anapopanda na anaposhuka, hakuyapata. Alitazama visogo, navyo pia havikumwambia kitu, kwa sababu wengi walikuwa wameinamisha vichwa.

Yiamat alimwacha apitilize zile dakika mbili. Lengai alipokaa hakuna aliyepiga makofi.

Hafidha hakuweza kujizuia. Aliinuka, akavuka jengo akiwa ameinama, akachuchumaa karibu na Maria ingawa alikatazwa.

"Amesema nini?"

Maria hakumgeukia. Mtoto alikuwa amelala kwenye paja lake.

"Amesema ukweli," alinong'ona. "Ila amezunguka sana."

"Ameomba radhi?"

"Amenitaja mimi. Amemtaja huyu." Aligusa nywele za mtoto. "Jina lake sijui alilipata wapi, hajawahi kuniuliza." Akafikiri kidogo. "Sijui kama nimemsamehe. Usiniulize leo."

Mbele, Yiamat alikuwa ameshaanza kuuliza nani anaunga mkono kilula kifungwe kwa kunywa mpaka vipimo vipya vije, na nani anapinga. Mikono ilipanda kwa shida, mingine ikishuka na kupanda tena, wanaume wakiwatazama wake zao. Ilibidi ihesabiwe mara mbili. Waliounga mkono walizidi kwa watu sita. Yiamat hakuonekana kufurahi, lakini alimwambia karani aandike, kisha akauliza nani ana kufuli.

Kabla mtu hajajibu, akakumbuka kitu, akamnyooshea Hafidha kalamu.

"Wewe dada wa zile tarehe. Simama mbele, jieleze wewe ni nani, halafu useme polepole. Karani wetu anaandika kwa mkono."